Kinyozi Kura Mbili

Palikuwa na kinyozi ambaye tangu ashike mashine hakuwahi kumnyoa mtu vile alivyoomba. Ukae kwenye kiti chake, useme, "Nipunguzie pembeni tu, fundi," utainuka hapo kichwa kinang'aa kama sufuria iliyotoka dukani jana. Ukilalamika, anakushikia kioo kwa nyuma na kukuambia kwa upole wa daktari, "Ndugu yangu, wewe kichwa chako unakijua kwa mbele tu. Mimi nakijua chote." Wateja walinuna, wakaapa hawarudi, na nywele zikiota wakarudi. Saluni ile ilikuwa na kitu ambacho saluni nyingine hazikuwa nacho, nacho ni hadithi. Bwana yule alikuwa mwongo wa kipaji. Aliwahi kusimulia, mashine ikiunguruma sikioni mwa mtu, jinsi alivyomnyoa mzee mwenye nywele ngumu kama waya mpaka cheche zikaruka na kuchoma kalenda ukutani. Na kalenda ilikuwepo pale, imeungua kona. Ungebisha nini?

Jina lake la Kura Mbili lilitokana na hadithi pia, ila hiyo haikuwa ya uongo.

Alikuwa na dada yake mkubwa, asiyeona tangu utotoni, surua ilipompitia machoni. Dada huyo ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Alimwogesha, alimfunga vifungo vya shati la shule, alimchapa alipostahili na pengine hata asipostahili. Sasa walikuwa watu wazima wenye mvi, wakiishi nyumba moja pamoja na mke wa kinyozi. Dada alifuma masweta ya wanafunzi kwa mashine ya kufumia, ile ndefu ya mezani yenye sindano zilizopangana kama meno ya kitana. Mtaa mzima walimwita Bi Sweta. Mashine yake ilikaa barazani, imepakana na saluni kwa ukuta wa mbao. Kutwa nzima upande mmoja ulinguruma, upande wa pili ukakwaruza, na mambo yaliyosemwa huku yalisikika kule.

Katika uchaguzi mmoja wa huko nyuma, kinyozi alimsindikiza dada yake kupiga kura. Sheria iliruhusu asiyeona aingie na mtu anayemwamini. Ndani ya kibanda, nyuma ya pazia, dada akamnong'oneza jina. Kinyozi akaliona jina lile kwenye karatasi, akaliona na lililofuata, akasema moyoni: dada naye, mtu mwenyewe hajawahi hata kumwona. Kalamu ikaenda kwa yule mwingine.

"Umeweka?"

"Nimeweka, dada."

Wakatoka wameshikana mikono.

Kesho yake saluni ilijaa, na habari ile ilikuwa tamu mno kukaa nayo tumboni. "Nyinyi mna kura moja moja," akawaambia, akipunguza sauti kwa ajili ya ukuta. "Mimi ninazo mbili. Moja yangu, na nyingine nainyoa nipendavyo." Watu walicheka mpaka aliyekuwa kitini akakatwa kidogo sikio. Tangu siku hiyo akawa Kura Mbili, na aliitika jina hilo kama watu wanavyoitika cheo. Haikumpitia akilini kwamba ameiba. Kwa akili yake, mwizi ni yule anayeingia dirishani. Yeye alisahihisha tu, kama alivyosahihisha vichwa. Chaguzi nyingine zikaja, akasahihisha tena.

Bi Sweta alilisikia jina hilo kupitia kwenye mbao, na alilipenda. Akamwomba wifi yake amtafutie uzi mwekundu, akamfumia mdogo wake sweta la kijivu lenye mistari miwili kifuani. Kinyozi akalivaa msimu mzima wa baridi, akijipitisha mbele ya kioo, na wala hakuuliza mistari ile ilikuwa na maana gani.

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mwenye bucha, mtu wa tumbo na sauti. Kinyozi alipenda kusema kwamba ng'ombe walikufa kwa kumsikia Bucha akikohoa, kisu kilikuja kukamilisha utaratibu tu. Walikuwa marafiki. Kila Jumamosi asubuhi kiti cha kwanza kilikuwa cha Bucha, na katika mtaa wote ndiye mtu pekee aliyenyolewa alivyoomba.

Bi Sweta alikuwa na neno moja na Bucha, nalo ni mtaro. Mtaro ulipita mbele ya nyumba zote za upande wao. Mifuniko yake ya zege iliondolewa ili usafishwe, ukasafishwa nusu, mifuniko ikapotelea isikojulikana, na mtaro ukabaki umeachama. Bi Sweta alikuwa akienda mwenyewe na fimbo yake mpaka duka la nyuzi, akibishana bei, akirudi na mzigo kichwani. Siku moja akatumbukia. Goti lilipona, lakini safari za peke yake zikaisha. Sasa alikaa barazani akisubiri mtu wa kumshika mkono, kama gunia linalosubiri mkokoteni.

Alikwenda kulisema mkutanoni. Akanyoosha mkono, na kabla hajafungua mdomo akaja kuchukuliwa, akapelekwa mbele, akakalishwa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya wakubwa. "Jamani, tumpigie makofi mama yetu," Bucha akanguruma. "Na hali yake hii amekuja." Makofi yakapigwa. Kisha Bucha akamwinamia kinyozi, juu ya kichwa cha dada, na kumuuliza, "Anakunywa soda gani?" Mpaka soda ifunguliwe, mkutano ulikuwa umeshafika kwenye taka. Mkutano uliofuata, makofi na soda. Wa baada ya hapo, vivyo hivyo.

"Soda nilizokunywa kwa ajili ya ule mtaro," Bi Sweta akamwambia wifi yake, "zingetosha kuujaza."

Siku moja wakiwa wanakula, akasema, "Nitagombea."

Mke wa kinyozi akashusha kijiko. "Kugombea nini, wifi?"

"Uenyekiti."

Kinyozi akacheka, akagundua anacheka peke yake. "Dada, utaongozaje mtaa ambao huuoni?"

"Huyo anayeuona ameupeleka wapi?"

Kinyozi akaomba aongezewe mchuzi.

Alimsindikiza kwenda kuandikishwa. Msimamizi wa uchaguzi, bwana mmoja nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, alimtazama kinyozi na kuuliza, "Anaweza kusaini huyu?"

"Anaweza," akajibu Bi Sweta. "Na ukimuuliza mwenyewe anajibu."

Msimamizi akatabasamu, akamgeukia tena kinyozi. "Ana utani, mama huyu."

Saluni nayo ilipata kazi. Walimuuliza kinyozi kama mihuri ya mtaa itafumwa kwa sufi, kama wezi watapigiwa simu kwanza ndipo waje. Alicheka nao, na hata akaongeza ya kwake. Usiku kichwa kikigusa mto, ndipo lilipomjia jambo lingine, dogo na lenye kinyaa kama nywele kwenye chakula. Hakuogopa dada ashindwe. Aliogopa ashinde. Hapo yeye atakuwa nani? Mshika mkono wa Mwenyekiti. Watu wangemsalimia dada kwanza.

Siku ya kura, shule ya msingi ilifagiliwa, milango ya madarasa ikabandikwa karatasi. Safari hii waandaaji walikuja na jambo jipya walilojivunia sana. Chini ya dirisha la ofisi ya mwalimu mkuu waliweka meza ya peke yake, yenye sanduku lake la peke yake, ili wazee, wagonjwa na wasioona wasisimame juani. Juu yake wakabandika maandishi makubwa: MEZA YA WASIOJIWEZA. Mke wa kinyozi aliyasoma, akafumba mdomo. Bi Sweta akamuuliza, "Wameandika nini hapo?" Akajibiwa, "Wameandika karibu."

Msindikizaji alipaswa kuapa kwamba ataweka alama anapoambiwa na hatasema kwa mtu. Msimamizi alikisoma kiapo mbio kama kondakta anayetaja vituo, na kinyozi akakiitikia akiwa anatafuta pa kutundika kofia.

Karatasi ilikuwa na picha mbili. Bucha juu, amecheka meno yote. Chini yake Bi Sweta, kidevu kimeinuka, nywele zimekatwa sawasawa. Kinyozi ndiye aliyezikata kwa ajili ya ile picha, na dada alizipapasa kila upande kwa vidole, akamwonyesha mahali alipoacha, akarudia. Nywele aliweza kuzikagua.

"Niweke mimi," akanong'ona Bi Sweta, na sauti yake ilikuwa na kicheko ndani, kama ya msichana anayejaribu kiatu kipya.

Kinyozi akajiambia anamhurumia. Akipata kura chache atakoma, atarudi kwenye masweta, yataisha. Alijiambia hivyo upesi upesi. Alama ikaenda juu.

"Umeweka?"

"Nimeweka, dada."

Dada akamkamata mkono, akaubana. "Nimejipigia kura, mdogo wangu. Mama angekuwepo angecheka."

Alasiri watu wakajazana kwenye darasa la kuhesabia kura, waliokosa nafasi wakaning'inia madirishani. Bi Sweta alikaa benchi la nyuma, magoti yamemfika kifuani kwa ufupi wa benchi, mdogo wake pembeni. Msimamizi alikuwa akiinua kila karatasi, anaionyesha, anaita. Alianza na sanduku dogo, lile la meza ya kivulini, maana karatasi zake hazikuwa za kujaza hata kofia.

"Bucha," akasema. "Bucha. Bucha."

Kinyozi hakuwa amefikiria kwamba sanduku lile litahesabiwa peke yake. Alidhani kura ya dada itaingia kwenye lundo kubwa, izame, asijulikane aliyeizamisha.

"Bucha. Bucha." Msimamizi akaligeuza sanduku, akaligonga chini. "Meza ya Wasiojiweza. Bucha, zote. Sweta, hakuna."

"Samahani," ikatoka sauti benchi la nyuma. "Rudia hapo."

"Sweta hakuna, mama."

"Hakuna hata moja?"

"Hata moja."

Kisha kutoka dirishani mtu akasema, bila haraka, "Kumbe hata mwenyewe hakujipigia."

Darasa likaanguka kwa kicheko. Watu walicheka wakishikana mabega, waliokuwa dirishani wakadondoka wakicheka hukohuko nje. Na kinyozi naye akacheka. Hakukusudia. Mdomo ulifunguka wenyewe kama mlango usio na komeo, kicheko kikatoka, kile cha saluni, kinachojulikana na kila mtu, pua kwa pua na dada yake. Alipoufunga mdomo alikuwa amechelewa. Bi Sweta alikuwa amemgeuzia uso, na alibaki amemgeuzia hivyo mpaka kelele zikaisha.

Masanduku mengine yalimpa kura zake, za kutosha kumpa mtu heshima, lakini Bucha alishinda kwa mbali. Hakuna aliyezikumbuka. Kilichotoka na watu getini ni kile kimoja: mgombea aliyejinyima kura.

Njiani Bi Sweta aliutoa mkono wake kwenye kiwiko cha mdogo wake. Akashika fimbo. Akatembea pembeni ya mtaro ulioachama, taratibu, fimbo ikigonga ukingo, na kinyozi akimfuata nyuma ameinama, mikono ameitanua kama mtu anayefukuza kuku. Hakuthubutu kumgusa.

Siku ya pili Bucha alipita mwenyewe saluni na kifurushi kilicholowa damu. "Nyama laini ya mgongo," akasema, akakiweka mbele ya kioo. "Siwezi kumsahau Kura Mbili." Akamkonyeza, akatoka. Nyuma ya mbao, mashine ya kufumia ilikuwa imenyamaza.

Mke wa kinyozi akaipika, kwa kuwa nyama haina makosa. Ilipofika mezani Bi Sweta akainusa.

"Ya wapi hii?"

"Zawadi," akasema kinyozi. "Kutoka kwa rafiki."

"Ya kura moja au ya zote mbili?"

Mke akamtazama mume. Mume akatazama chumvi.

"Dada, sikiliza," akaanza. "Kwanza lazima ujue yule msimamizi alikuwa na haraka, halafu kalamu yenyewe ilikuwa inateleza, na pale kivulini palikuwa na giza..."

"Giza," akasema Bi Sweta.

Kinyozi akaisogeza ile chumvi.

"Miaka yote nalisikia hilo jina hapo ukutani," dada akaendelea, na hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo iliyokuwa mbaya. "Kura Mbili, njoo. Kura Mbili, tusimulie. Unajua nilidhani ni nini? Nilidhani wanakusifu kwa kunipeleka. Kwamba ndugu wengine wanawaacha wasioona nyumbani, wangu ananishika mkono tunakwenda, kura yake na yangu, mbili. Wanawake wakija kuchukua masweta nawaambia, mnamjua mdogo wangu? Ndiye huyo wanamwita Kura Mbili. Nikakufumia na mistari."

Kinyozi alikuwa na hadithi ya kila jambo. Aliwahi kumweleza askari kwa nini baiskeli yake iko juu ya paa, na askari akaondoka ameridhika. Jioni ile alifungua mdomo, akakuta mtupu. Bi Sweta aliisogeza sahani ya nyama, akaivuta ya mboga, akala kwa utulivu mpaka ikaisha. Kinyozi hakula. Baadaye alilitoa sweta kabatini, akalitandaza kitandani, akaitazama ile mistari. Ilikuwa imenyooka kama imepigwa kwa rula.

Mke wake alikuwa amesimama mlangoni. "Na mimi nimekuwa nikikufulia hilo sweta," akasema. Hakusema zaidi, akaenda kulala kwa wifi yake.

Ingeishia hapo, aibu ya nyumbani, inayofunikwa na kutandikiwa kitambaa juu. Lakini Bucha aliitisha mkutano wa shukrani uwanjani, na kwenye shukrani zake akapachika hekima.

"Ndugu zangu, tumejifunza," akasema, kipaza sauti akikishika kwa heshima tu maana hakukihitaji. "Wenzetu wasioona tunawapenda. Lakini tusiwasumbue. Mmeona wenyewe, mtu anakwenda kujichagua, anakosea. Zile kura zinapotea bure. Nimeongea na wakubwa, tutapendekeza kwamba kuanzia sasa mkuu wa kaya awapigie. Wao wapumzike nyumbani. Tutawapelekea soda."

Watu wakapiga makofi. Makofi ya nia njema kabisa, na hilo ndilo lililotisha. Bi Sweta akanyoosha mkono. Vijana wa itifaki wakaja mbio, wakamnyanyua, wakamweka mbele kwenye kiti cha plastiki. "Tumpigie makofi mama yetu," akasema Bucha, na akamgeukia kinyozi. "Anakunywa gani leo?"

Kinyozi alikuwa amesimama upande wa wanaume, na sweta la kijivu mwilini. Asubuhi alilivaa bila kujua kwa nini, na jua la siku ile lilikuwa la kukaanga. Aliona uso wa dada yake pale mbele, umetulia, umezoea. Kuzoea kule ndiko kulikomsukuma. Akajikuta anasema kabla hajapanga maneno.

"Haikupotea."

"Unasemaje, Kura Mbili?"

"Kura ya dada yangu haikupotea. Niliichukua mimi. Alisema nimweke yeye, nikakuweka wewe. Na si mara ya kwanza. Hajawahi kupiga kura hata moja maisha yake yote, nimezipiga mimi zote."

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. "Leo katoa mpya," mtu akasema nyuma yake, akimpiga bega. "Endelea, fundi, cheche zikaruka?" Na mwingine: "Muacheni, anamtetea dada yake, ni vizuri."

Alikuwa amewalisha uongo mtamu miaka mingi, sasa ukweli waliutafuna kama ule ule. Aliwatazama, mmoja mmoja, vichwa alivyovinyoa mwenyewe, vyote vimetupwa nyuma kwa kicheko. Akajiona kama yule anayepiga kelele anazama, watu wa ufukweni wakampungia mkono.

"Sitanii," akasema.

Wakacheka zaidi, kwa kuwa ndivyo alivyoanza kila hadithi.

Akavua sweta. Akalinyanyua juu kwa mikono miwili, fulana imemganda mgongoni. "Mnaiona mistari hii? Dada yangu alinifumia kwa ajili ya jina mnaloniita. Alidhani mnaniita hivyo kwa uaminifu wangu. Nimelivaa mbele yenu nikicheka. Siku ya hesabu, aliposema rudia hapo, nilicheka na nyinyi, nimekaa naye benchi moja." Akamgeukia Mwenyekiti. "Bucha. Ile nyama ya mgongo ilikuwa ya nini?"

Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, Bucha akaongea polepole. "Ilikuwa ya urafiki."

"Ulinikonyeza."

Kicheko kikaanza kufa, kikifia kwanza mbele, kikifuata nyuma. Hapo akasimama fundi mwashi mmoja mstaafu, mikono inamtetemeka siku hizi hata kikombe hashiki. "Mimi nami nilipigia meza ile," akasema. "Nilisema Sweta. Nilisema wazi." Akageuka kumtafuta mtu. Binti yake, mwanamke mwenye heshima zake, alikuwa akiangalia viatu. Kisha watu wengi walikuwa wakiangalia viatu. Ungedhani viatu vya mtaa mzima vimeibiwa na kila mmoja anahakikisha vyake.

Bi Sweta alikuwa bado kwenye kiti cha plastiki. Mtu alishamwekea chupa ya soda mkononi. Aliiweka chini, pembeni ya mguu wa kiti, akauliza, "Sasa naweza kuzungumza?"

Hakuna aliyepiga makofi. Akazungumza. Alisema kura yake atapiga mwenyewe, na kwamba asiyeona hahitaji kupumzishwa, anahitaji mtaro ufunikwe. Hakuchukua muda mrefu. Matokeo hayakubadilika, Bucha akabaki Mwenyekiti, na pendekezo la wakuu wa kaya likawa halizungumzwi tena, kama chakula kilichochacha ambacho kila mmoja anadhani mwingine amekimwaga. Mifuniko ilirudi, ikianzia mbele ya bucha.

Nyumbani, kinyozi alimwomba dada yake msamaha. Bi Sweta alikuwa anapanga nyuzi.

"Nimekusikia," akasema. Ni hilo tu.

"Nitawaambia waache kuniita lile jina."

"Usiwaambie. Waache wakuite." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Na kila atakayekuuliza limetoka wapi, mwambie. Kama ilivyokuwa, bila cheche."

Ikawa hivyo. Mteja mgeni akikaa kitini, akisikia wenzake wakiita Kura Mbili, lazima aulize. Kinyozi huzima mashine. Husimulia akiwa amesimama nyuma ya mtu, anajiona kwenye kioo mdomo ukitembea, na upande wa pili wa mbao mashine ya kufumia hukaa kimya mpaka amalize. Mara moja alijaribu kuruka pale alipocheka darasani. Mbao ziligongwa mara moja tu. Akarudi nyuma, akapaeleza. Kuna wateja walioacha kuja. Waliobaki, cha ajabu, siku hizi hunyolewa walivyoomba.

Uchaguzi mwingine ulipofika, Bi Sweta alikuwa mgombea tena. Alikata kadi kutoka kwenye katoni la nyuzi, kipimo sawasawa na karatasi ya kura, yenye tundu moja juu na jingine chini, na pembe moja imekatwa ili ajue upande. Kadi ukiilaza juu ya karatasi, kidole kinapata pa kwenda. Meza ya kivulini ilikuwa imeondolewa. Alipanga foleni na watu, fimbo mkononi.

Msimamizi yule yule mwenye kalamu tatu aliigeuzageuza kadi, akamtazama kinyozi. "Anataka kufanya nini na hii?"

"Muulize mwenyewe," akasema kinyozi.

Msimamizi akasita, akamuuliza. Akaelezwa. Akailaza juu ya karatasi, akaona inakaa, akamrudishia. Bi Sweta akampa mdogo wake fimbo amshikie, akanyoosha mkono mpaka ukagusa pazia, akaingia. Pazia likaanguka nyuma yake.

Kinyozi akabaki nje ameikumbatia fimbo, hajui pa kutazama. Muda ukapita. Huko ndani kadi ilisikika ikisogezwa, ikarekebishwa. Aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni, mpangaji mpya wa mtaani, akamsogelea kwa heshima.

"Mzee, shikamoo. Nasikia wanakuita Kura Mbili. Ni kwa nini?"

Kinyozi akaitikia shikamoo. Akaanza tangu mwanzo, kwa sauti ya kawaida, foleni nzima ikisikiliza. Nyuma ya pazia, kadi ikaacha kusogea. Bi Sweta hakuwa na haraka. Akangoja mdogo wake afike pale pa kicheko.